Kwa Mzee Kiboko Hakuna Hodi

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanaoana kwa mahari na kuletewa bili za maji kama sisi, kulikuwa na kijiji kidogo kilichoitwa Mawetone. Kaeni vizuri basi. Wewe uliye karibu na mtungi, ufunike kwanza, ndipo nianze.

Mawetone kulikuwa na tangi moja juu ya kilima, na kutoka kwenye tangi hilo mabomba yalishuka mpaka kwa kila mwenye nyumba. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya mbali, nayo yalikuwa na karani wake, Korongo, mwenye miguu mirefu na shingo nzuri ya kuchungulia mambo ya watu. Kila mwezi ulipoandama Korongo alikuja na bili, na bili yenyewe ilikuwa moja tu ya kijiji kizima. Wanyama hawakuwa na fedha, kwa hiyo walilipa vikapu vya mtama.

Sasa bili ni moja, nyumba ni nyingi. Igawanywe vipi?

Korongo alikuwa na dawa yake. Alileta mita, zile za kuhesabu maji yanayopita bombani, kila nyumba na yake. Lakini mwenyekiti wa kamati ya maji alizikataa kabla hata hazijafunguliwa makaratasi. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa Mzee Kiboko. Mmeshamwona Kiboko, hamhitaji kuambiwa kwa nini alizikataa.

"Mita zinaleta fitina," Kiboko aliwaambia mkutanoni. "Leo utampima jirani yako maji, kesho utampima ugali. Sisi ni ndugu. Tugawane kwa milango. Mlango mmoja, kikapu kimoja, basi."

Wanyama wakapiga makofi. Waliliona neno "ndugu" limekaa vizuri, na wengi wao wakisikia neno tamu huwa hawaulizi la pili. Pelele naye alipiga makofi, tena kwa bidii kuliko wenzake.

Huyo Pelele ndiye nitakayewasimulia. Ni kamnyama kadogo, kanene kidogo, hakana mkia wa kujivunia, na makazi yake ni kwenye majabali. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Kwa maji hakuwa na makuu: kibuyu asubuhi, kibuyu jioni, na maji aliyooshea vyombo alimwagilia mchicha.

Ikafika siku ya kuhesabu milango. Korongo akaja na kipande cha chokaa, na Kiboko akamwongoza kwa mwendo wa mwenyekiti, tumbo mbele. Walianza kwa Pelele, kwenye lile jabali lake lenye nyufa.

"Huu hapa wa kwanza," Kiboko akasema. "Na huu. Na ule kule juu."

"Mzee, hizo ni nyufa," Pelele akasema. "Jabali limepasuka lenyewe, mimi sikulipasua."

"Watu wakija hukubishia hodi wapi?"

"Popote watakaponisikia, Mzee. Kanga hubisha pale, Ngiri hubisha huku, wengine nyuma kule."

Kiboko akamgeukia Korongo. "Umesikia kwa masikio yako, Bwana Karani. Mlango ni pale mtu anaposimama akabisha hodi. Mama huyu ana hodi kila upande."

Korongo alikuwa mtumishi wa kanuni, na hiyo ilikuwa kanuni. Akapiga alama ya chokaa kwenye kila ufa. Alama zikafika saba, na Pelele akabaki amesimama na mwiko wake mkononi.

Kutoka hapo wakaenda kwa Kiboko mwenyewe. Kiboko alikuwa na uwanja mpana, umezungushiwa ua wa miti na miiba, na kwenye ua kulikuwa na mapengo makubwa ya kupita viboko wawili wakiwa wameshikana mikono. Kiboko hazunguki, nyie. Kiboko hutokea pale anapoelekea, na ua hupasuka kumpisha.

"Milango mingapi, Mwenyekiti?" Korongo akauliza.

"Sina hata mmoja."

"Na hapa tulipoingilia?"

"Hili ni pengo. Umeona ubao? Umeona bawaba? Wewe mwenyewe ulipoingia umebisha hodi?"

Korongo akafikiri. Alikuwa ameingia nyuma ya Kiboko, na kweli hakubisha.

"Basi," Kiboko akasema, na akapaza sauti ili hata waliosimama nje wasikie. "Mimi ni mtu wa watu. Kwangu hakuna hodi. Anayetaka kuja, aje tu."

Waliokuwa nje wakamsifu kwa ukarimu. Korongo akaificha chokaa chini ya bawa lake. Bwana Tembo, jirani wa Kiboko, alikuwa na mlango mpaka siku ile asubuhi, lakini alipopata habari za chokaa aliung'oa na kusema ulikuwa ukimbana mabega. Kwa hiyo yeye pia akawa hana mlango, akawa mtu wa watu.

Mnaona walivyojipanga? Wenye matumbo makubwa wakawa hawalipi kitu.

Na maji waliyatumia. Bomba la Kiboko lilifunguliwa kulipokucha na halikufungwa, chururururu, mchana kutwa, ili tope lake lisikauke. Alilala humo, akageuka, akalala tena. Tembo alioga akiamka, akaoga akitoka kula, na kati ya hapo alijirushia maji mgongoni kwa sababu ya inzi mmoja. Na msidhani wadogo walikuwa malaika. Kanga, jirani wa Pelele, aliliacha bomba lake likidondoka to, to, to, na ukimsema alikujibu, "Nikilifunga mimi, nani atanipunguzia kikapu?" Hapo alikuwa na hoja, na ndiyo maana kijiji kizima kilikuwa na madimbwi.

Kisha kiangazi kikaingia. Chemchemi ikapungua, tangi likawa linatoa sauti ya debe tupu, na Korongo akaja na bili iliyopanda mara mbili. Kila mlango ukawa vikapu viwili. Pelele, na milango yake saba, akatakiwa vikapu kumi na vinne. Ghala lake lote halikufika vikapu vitano, na humo ndimo walimokula yeye na watoto wake.

"Mama Pelele, sina la kufanya," Korongo akamwambia, na kusema kweli alimwonea huruma. "Mwezi ukiandama nitakuja kuhesabu tena milango na kuchukua mtama; nisipouona, nalifunga bomba lako."

"Ukilifunga, wanangu watakunywa wapi?"

Jibu lilijulikana. Mbali na mabomba kulikuwa na mto tu, na mtoni kulikuwa na Mamba. Baba wa watoto wale alikwenda mtoni kiangazi kimoja na ndoo mbili. Ndoo moja ilionekana.

Pelele aliogopa. Aliwatazama watoto wake wakigombania kivuli cha mwamba, akaogopa zaidi. Akajitanda khanga, akaenda kwa Kiboko kumwomba.

Alipofika kwenye pengo la ua alisimama, kama alivyofundishwa na mama yake, akaita, "Hodi, Mzee."

Kiboko aliruka topeni kana kwamba ameumwa na siafu. "Nani huyo anabisha hodi? Hapa hakuna hodi! Unataka Korongo akusikie? Ingia tu, ingia, ingia."

Pelele akaingia. Akaeleza shida yake yote, vikapu kumi na vinne, ghala, watoto, mto. Kiboko alimsikiliza akiwa amefumba macho, maji yakimpita kidevuni.

"Pole," Kiboko akasema. "Lakini kanuni ni kanuni, Mama Pelele. Ulipiga makofi mwenyewe, tena nilikuona."

"Nilipiga, Mzee."

"Basi."

Pelele akaaga. Alipofika tena kwenye lile pengo akasita, akageuka. Kuna jambo lilikuwa limeanza kumwasha kichwani tangu Kiboko aliporuka.

"Kwa hiyo, Mzee, hapa kweli hakuna hodi?"

"Hakuna."

"Hata kwa mdogo kama mimi?"

"Hata kwa sisimizi. Nimesema mbele ya karani, na neno langu silirudishi."

"Mungu akuzidishie, Mzee," Pelele akasema, na akatoka. Njia nzima alijiziba mdomo na pindo la khanga, na waliompita walidhani analia.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Kanga, akapitia kwa Ngiri, akanong'ona kidogo hapa na kidogo pale. Aliporudi kwake aliwapanga wanawe, wakabeba mawe, wakakanda udongo, wakaziba nyufa sita. Ukabaki mmoja wa mbele.

"Kuanzia leo," akawaambia majirani, "atakayenibishia hodi kwingine, sitamwitikia hata akiwa ameshika nyama."

Asubuhi iliyofuata Kiboko alikuwa ndani ya tope lake, ananyweshwa uji na mkewe, mara akaona kibuyu kinapita mbele ya pua yake. Chini ya kibuyu alikuwa Pelele. Nyuma ya Pelele watoto wanne, kila mmoja na chombo. Wakaenda moja kwa moja kwenye bomba la Kiboko, wakajaza vyombo, wakanawa nyuso, wakasuuza na masufuria.

Kiboko akaumeza uji kwa shida. "Mama Pelele. Mbona mnaingia hivyo? Hata hodi?"

"Hodi?" Pelele akashangaa kabisa. "Hodi ya nini, Mzee? Mlango uko wapi?"

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo wote. Kisha akaufunga. Akikubali pana hodi, amekubali pana mlango. Pelele akamtakia asubuhi njema na akaondoka taratibu, na nisiwafiche, aliyafurahia maji yale zaidi ya kiu yake.

Mchana akaja Ngiri na mkewe na watoto wao, wakajitupa topeni pu, pu, pu, pembeni mwa Kiboko mwenyewe.

"Sogea kidogo, Mzee," Ngiri akasema. "Huyu mdogo anapenda kulala katikati."

Jioni akaja Kanga na vifaranga, akafua nguo na kuzianika juu ya kichwa cha kitanda cha Kiboko, maana huko ndiko kulikuwa na upepo. Kesho yake digidigi walikuja kutazama tu. Walikaa mstari mmoja wakamtazama Mzee Kiboko akila, na kila alipotafuna nao walimeza mate. Mzee hakujua afanye nini na uso wake.

Kwa Bwana Tembo mambo hayakuwa afadhali. Alikuja kwa Kiboko amekunja mkonga.

"Jirani," akasema, "leo nimeamka nikakuta panya wanafanya harusi chumbani kwangu. Harusi nzima, na ngoma. Nimewauliza mbona hamkubisha hodi, wakaniambia, mlango uko wapi, Bwana Tembo?"

"Na mimi wananiambia hivyo hivyo."

"Mke wangu amesema nisipoweka mlango, anarudi kwao."

Mkewe alikuwa amemwambia neno hilo hilo asubuhi, ila yeye alikuwa ameongeza kwamba ataondoka na kitanda.

"Tuweke," Kiboko akasema mwishowe. "Tuweke milango ya siku za kawaida. Siku ya Korongo tutaing'oa tuilaze majanini. Tutasema ni mbao."

Wakamwita Nungunungu, fundi seremala. Tembo akataka mlango mmoja mrefu, wa mabawa mawili. Kiboko akataka mmoja wa mbele, wa mbao nene. Pelele akapita hapo na kapu lake la kuni, akasimama kuusifu.

"Mzuri, Mzee. Mzuri sana. Wa Bwana Tembo una mabawa mawili, lakini huu nao si mbaya kwa mtu wa kawaida."

Kiboko akamrudisha fundi jioni ile ile, akaagiza mabawa mawili, na misumari ya kichwa kikubwa. Ua wake ulikuwa na mapengo mengine, na alipoziba la mbele, wadogo wakaingilia la jikoni. Akaweka mlango jikoni. Wakaingilia lile la kwenda shambani. Akaweka mlango huko. Fundi akamshauri azibe yaliyobaki kwa miiba, ni rahisi, lakini Kiboko akamwuliza yeye mwenyewe atapitia wapi, azunguke? Akaweka na mlango wa wageni, na mlango wa wakwe, maana wakwe hawapiti kwa wageni. Mwezi ulipokaribia kuandama, ua ule ulikuwa na milango tisa, na kila ulipogongwa Kiboko aliitikia "Karibu" kwa sauti nzito, na moyo wake ulitulia. Alikuwa ameanza hata kuupenda mlio wa hodi.

Nungunungu alikuwa fundi mzuri na mdomo wake haukuwa na kitasa. Habari za kuilaza milango majanini zilimfikia Pelele kabla misumari haijapoa.

"Vizuri," Pelele akasema. "Waambie watu waje na ndoo."

Mwezi ukaandama. Korongo akafika na chokaa yake, akaanzia kwenye jabali. Akazunguka mara mbili, akagonga udongo kwa mdomo wake mrefu, ukalia ko, ko.

"Hodi iko wapi siku hizi?" akauliza.

"Pale mbele tu, Bwana Karani. Uliza yeyote."

Akauliza, wakamwambia. Akapiga alama moja. Vikapu viwili vya mlango mmoja Pelele alikuwa navyo tayari, amevifunika kwa kawa. Lakini hakukaa nyumbani kushangilia. Alichukua ndoo akamfuata karani, na nyuma yake kijiji kizima kikafuata, kila mtu na chombo chake.

Kwa Kiboko mapengo yalikuwa wazi, yote tisa. Milango ilikuwa imelala majanini, mabawa mawili na misumari ya kichwa kikubwa, na Kiboko amesimama kando yake anapiga miayo ya kujifanya.

"Milango mingapi, Mwenyekiti?"

"Kama mwezi ule. Sina. Hizo ni mbao, ninauza."

"Hakuna hodi?"

"Hakuna hodi. Mimi ni mtu wa watu."

"Asante, Mzee," Pelele akasema, na akaingia.

Wote wakaingia. Wengine pengo la mbele, wengine la jikoni, na digidigi, kwa adabu yao, wakapitia la wakwe. Ngiri na familia yake wakajitupa topeni. Kanga akaenda na vifaranga chumbani, akiimba. Panya wakatafuta mahali pa kuweka ngoma. Kiboko alitabasamu. Alitabasamu na jasho likimtoka, kwa kuwa Korongo alikuwa amesimama palepale kwa mguu mmoja, anatazama.

Sasa, Mama Kiboko alikuwa nyuma ya jiko anaoga. Hakuna aliyemwambia. Akasikia vicheko, akageuka, akakuta digidigi kumi na wawili wamekaa mstari mmoja, wanamtazama.

Nitasema tu kwamba alipiga kelele mpaka kunguru wakahama mti. "Nyie! Hamjui kubisha hodi?"

Kiboko hakuweza tena. Alikamata mlango mkubwa, akaubeba, akaukandamiza kwenye pengo, kishindo, gubu! "Tokeni! Tokeni wote! Anayetaka kuingia kwangu asimame nje abishe hodi!"

Korongo akashusha mguu wake wa pili. "Abishe hodi wapi, Mwenyekiti?"

"Hapa! Mlangoni!"

Korongo akapiga alama ya chokaa kwenye ubao.

Kiboko akaiona ile alama nyeupe. Akaukwanyua mlango, kraa, akautupa. "Nilitaka kusema pengoni. Si mlango. Hakuna mlango."

"Asante, Mzee," Pelele akasema, na watu wakaingia tena na ndoo.

Akaukamata akaurudisha, gubu. Korongo akapiga alama. Akaung'oa, kraa. Watu wakaingia. Akaurudisha. Ilikuwa hivyo, gubu na kraa, gubu na kraa, mpaka bawaba zikalegea na mabawa ya mlango yakawa hayashiki tena, na Mwenyekiti wetu akawa ameukumbatia mlango kifuani mwake kuuzuia usianguke, huku mapengo mengine nane nyuma yake yakipitisha wageni. Bwana Tembo alikuwa akichungulia juu ya ua. Alipoona hayo aliondoka kimya kimya kwenda kujificha, kama Tembo anaweza.

"Kwa hiyo nihesabu au nisihesabu?" Korongo akauliza. "Ukisema hodi, ni milango tisa, vikapu kumi na vinane. Ukisema hakuna hodi, ni sifuri, ila watu waingie."

Kiboko akatazama mlango. Akatazama ndoo. Alikuwa amechoka, na alipochoka alisema lolote.

"Milango, milango, milango imefanya nini?" akasema. "Mlango haujanywa maji ya mtu. Leteni zile mita zenu! Kila mtu alipe maji yake aliyotumia, na kila mtu akae kwake!"

Watu wakashusha ndoo zao. Hata Ngiri akaacha kugaagaa.

"Mzee," Pelele akasema polepole, "hilo ni neno lako au ni amri ya mwenyekiti?"

"Ni amri! Maji ni kitu gani? Yanapita tu. Toeni watu wenu hapa!"

"Mmemsikia," Pelele akasema.

Wakapiga makofi. Safari hii Pelele alijua anapigia nini. Mita zilifungwa siku ile ile kabla Kiboko hajapata nafasi ya kufikiri upya, nyumba kwa nyumba, na wadogo wakabisha hodi kila walipopita, kwa heshima zote.

Mwezi uliofuata bili ya Pelele ilikuwa kikapu kimoja, nacho hakikujaa. Kanga alilikaza bomba lake mpaka fundi akaitwa kulilegeza. Bili ya Kiboko ilibidi ibebwe na nyati wawili, wakaenda na kurudi, na ghala lake lilipofagiliwa alikaa mlangoni kwake, ule wa wakwe, akalia. Baada ya hapo bomba lake likanyamaza. Tangi likaanza kujaa, na watoto wa Pelele wakaendelea kunywa kwao, wala mtoni hawakukanyaga.

Na mnadhani Kiboko aliona haya? Hamumjui. Kwenye mkutano uliofuata alisimama mbele ya kijiji kizima, akasafisha koo, na akawahutubia juu ya kubana matumizi. Aliwafundisha kuoga kwa kopo. Aliwaeleza kwamba maji ya vyombo yanafaa kumwagilia mchicha, na kwamba jambo hilo alilifikiria mwenyewe usiku akiwa hana usingizi. Kisha akamwona mtoto mdogo wa Pelele akinywa kwenye kibuyu, na tone moja likimdondoka kidevuni.

"Hayo ndiyo mambo ninayosema," Mzee Kiboko akasema kwa uchungu, akimnyooshea kidole. "Mama Pelele, wafunze wanao. Maji yana gharama."

Watoto wa Pelele walianza kupasuka kwa kicheko. Pelele akawabana kwa jicho moja, akampangusa mdogo kidevu, akainama.

"Tumesikia, Mzee," akasema. "Tunazidi kujifunza kwako."

Basi watoto, anayetoboa ua ili akwepe mzigo wake, asishangae wenzake wakipitia pale pale alipotoboa.